NA, AU, WALA: Methali za Kiswahili Mbele ya Malango ya Mantiki

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet sharti la uchumaji hufundishwa kwa maneno machache: majani mawili na chipukizi moja. Mkulima mdogo apelekaye kikapu chake kwenye kituo cha kununulia majani hulijua sharti hili kama alijuavyo jina lake, na kibarua wa shamba kubwa huambiwa jambo lilo hilo siku ya kwanza ya kazi. Aghalabu wasikiao sharti hili huyatilia maanani maneno yanayotajika kwa macho, yaani majani na chipukizi, wakalipita bila kulitazama neno lililo katikati. Lakini lau neno hilo lingeondolewa na mahali pake pakawekwa *au*, sharti lingepotea mara moja: tawi lolote lenye majani mawili, hata yakiwa magumu kama ngozi, lingestahili kutiwa kikapuni. Uzito wote wa sharti umebebwa na herufi mbili.

Herufi hizo mbili ndizo pia jina la mojawapo ya vyombo vidogo kabisa ambavyo tarakilishi imejengwa kwavyo. Makala haya yanakusudia kuvitazama vyombo hivyo kwa jicho la mhakiki wa lugha, kisha kuyatumia yaliyoonekana kuzisoma upya methali chache ambazo walimu wa Kiswahili huzifundisha kila mwaka bila kuzipima. Hapana shaka wapo watakaosema kwamba jambo hili ni la mafundi wa umeme na si la idara ya lugha. Jibu ni kwamba mafundi ndio waliolichukua kwa watu wa lugha. George Boole, katika vitabu vyake vya mwaka 1847 na 1854, alikuwa akichunguza namna watu wanavyofikiri kwa kutumia *na*, *au* na *si*. Hakuwa na waya mkononi. Ilikuwa mwaka 1937 Claude Shannon, akiwa mwanafunzi wa shahada ya pili huko Massachusetts, Marekani, alipoonyesha katika tasnifu yake kwamba swichi za umeme zikipangwa vizuri hufuata hesabu zile zile za Boole. Swichi mbili zikifuatana katika waya mmoja, taa haiwaki mpaka zote mbili zifungwe. Hiyo ni *na*. Zikiwekwa sambamba, taa huwaka kwa yoyote kati yake. Hiyo ni *au*.

Lango la mantiki, basi, ni kijisaketi kinachopokea ishara, aghalabu mbili, na kutoa ishara moja. Kila ishara huhesabiwa kuwa juu au chini, moja au sifuri. Kwa kuwa ishara ni mbili na kila moja ina hali mbili, hali zote kwa pamoja ni nne tu: chini na chini, chini na juu, juu na chini, juu na juu. Lango halina jambo jingine la kujua duniani. Tofauti ya lango na lango ni katika jibu linalotolewa kwa kila mojawapo ya safu hizo nne, na mafundi huziandika katika jedwali liitwalo jedwali la ukweli. Jedwali hilo ni chombo cha uhakiki kilicho bora kuliko sifa nyingi zinazotolewa kwa methali, na makala haya yatalirudia.

Hata hivyo umeme wenyewe si sifuri na moja. Katika aina ya saketi za volti 5 zilizoenea tangu miaka ya 1960, ishara isiyozidi volti 0.8 huhesabiwa kuwa chini, na ile iliyofika volti 2 au zaidi huhesabiwa kuwa juu. Baina ya hapo mtengenezaji hatoi ahadi yoyote: lango laweza kujibu hivi au vile. Mchumaji wa chai analijua eneo hilo vizuri, maana kuna chipukizi lililolala, lisilokua wala kunyauka, ambalo mchumaji mmoja atalichuma na mwenziwe ataliacha. Katika lugha eneo hilo lina wakazi wengi, nao ni *labda*, *huenda*, *yamkini*, *pengine*. Tarakilishi imepata kasi yake kwa kuwafukuza wakazi hao.

Sasa neno lenyewe, *lango*. Limekubalika, na si kusudi la makala haya kulipinga kwa kuwa tu limetoka kwa wenye Kiingereza. Lakini ni jazanda inayodanganya, na mwanafunzi apaswa kuonywa. Mtu wa Kericho asikiapo lango huona geti la shamba na askari aliyesimama kando yake. Anayefika getini akiwa na kibali huingia, na yule aliyeingia ndiye yule yule aliyekuwa nje. Lango la mantiki halifanyi hivyo. Ishara zinazofika hazipiti. Huishia pale pale. Kinachotoka upande wa pili ni ishara mpya, iliyotolewa kwa nguvu ya umeme wa lango lenyewe. Kama jazanda ingechaguliwa upya katika nchi ya chai, ingefaa zaidi kumtazama karani wa mizani. Karani huyatazama majani, huupima uzito wake, kisha mkulima hupewa karatasi. Karatasi si majani. Ni uamuzi juu ya majani, na ndiyo iendayo mbele kuhesabiwa mwisho wa mwezi, ilhali majani yamekwenda zake kiwandani. Mwanafunzi akimfikiria karani badala ya askari hatauliza tena swali ambalo kila mwalimu amelisikia, kwamba ishara mbili zikiingia na moja ikitoka, ile nyingine imekwenda wapi.

Na hapa pana jambo jingine la istilahi, dogo lakini lenye kuchekesha. Wapo waitao kinachoingia katika lango *pembejeo*. Katika Bomet pembejeo ni mbolea. Mkulima akiambiwa kwamba lango lina pembejeo mbili atadhani ameletewa magunia. *Ingizo* ni neno kavu, lakini angalau halina harufu.

Majina ya malango yenyewe hayana haja ya kubuniwa, lugha inayo. Lile linalotoa moja pale tu ishara zote mbili zikiwa juu ni lango NA. Lile linalotoa moja ikiwa walau ishara moja iko juu ni lango AU. Linalogeuza ishara moja kinyume chake ni lango SI. Lakini itakuwa kosa kudhani kwamba *na* ya mantiki na *na* ya Kiswahili ni pacha. *Na* ya Kiswahili ina kazi nyingi. Katika *majani na chipukizi* inaunganisha. Katika *majani yamechumwa na Wakipsigis* inamtaja mtenda. Katika *ana kikapu* imekuwa umiliki. Katika *alikwenda na mwanawe* imekuwa uandamano. Lango NA limechukua kazi ya kwanza tu, na hata hiyo limeichukua ikiwa imepunguzwa. Kwa lango, *A na B* haina tofauti yoyote na *B na A*. Msemaji wa Kiswahili haoni hivyo siku zote: asemaye kwamba fulani aliolewa na akazaa hajasema sawa na asemaye kwamba alizaa na akaolewa, na kijiji kizima kitaisikia tofauti hiyo.

Tofauti hiyo, bila shaka, imeletwa na *-ka-*. Kiambishi hiki hakisimami peke yake; huegemea kitenzi kilichotangulia na kuchukua wakati wake. Asemaye *akazaa* amemtaka msikilizaji akumbuke kilichosemwa kabla. Lango la kawaida haliwezi kufanya hivyo, maana halikumbuki. Jibu lake hutokana na ishara zilizopo sasa hivi, na zikibadilika nalo hubadilika. Mafundi walipotaka saketi ikumbuke, walichukua malango mawili na kuyafunga kimsalaba, jibu la hili likiingia katika lile na jibu la lile likiingia katika hili. Hapo hali iliyokuwapo hubaki hata baada ya ishara iliyoileta kuondoka. Kwa maneno mengine, mafundi walilazimika kuunganisha malango mawili ili wapate kile ambacho Kiswahili hukipata kwa silabi moja. Ndiyo maana pia methali *mshika mbili moja humponyoka*, ingawa yaonekana kufanana na zile zitakazotajwa hapa chini, haiwezi kuwekwa katika jedwali la safu nne: ndani yake mna kabla na baada, kushika kwanza kisha kuponyokwa.

*Au* ina matatizo yake. Mgeni aliyepokewa katika nyumba ya Kericho akaulizwa kama atakunywa chai au kahawa, akajibu “ndiyo”, ataonekana hana adabu au hana akili. Kwa lango AU jibu lake ni sahihi kabisa. Mwenyeji hakuuliza kwa *au* ya mantiki. Aliuliza kwa ile *ama* ya *ama hiki ama kile*, yenye kukataa vyote viwili kwa pamoja. Boole mwenyewe alikuwa upande wa mwenyeji: alama yake ya kujumlisha ilihusu mafungu yasiyoingiliana. W. S. Jevons ndiye, mwaka 1864, aliyeifanya *au* ikubali yote mawili, na mafundi wakamfuata Jevons. Lakini hawakuitupa ya Boole. Waliipa lango lake, ambalo kwa Kiswahili lastahili kuitwa AMA. Lango AMA hutoa moja ishara mbili zikitofautiana, na sifuri zikiwa sawa.

Ni vyema kutua hapa kidogo, maana husemwa ovyo kwamba malango yote hulinganisha ishara mbili. Lango NA halilinganishi, linadai. Lango AU halilinganishi, linaridhika. AMA peke yake, pamoja na kinyume chake kinachoweza kuitwa SAWA, ndilo liulizalo kama hii na ile ni kitu kimoja. Tarakilishi itakapo kujua kama namba mbili zenye tarakimu nane nane ni sawa, huziweka tarakimu hizo jozi jozi mbele ya malango SAWA manane, kisha majibu manane hukusanywa na NA. Tofauti moja tu, popote ilipo, yatosha kuikataa namba yote.

*Wala* ndiyo fahari ya Kiswahili katika jambo hili. Asemaye *hana mbele wala nyuma* ametumia lango ambalo hutoa moja pale tu ishara zote mbili zikiwa chini, na amelitumia bila kuacha nafasi ya shaka. Mlinganishe na asemaye *sina chai na sukari*. Je, amekosa vyote, au amekosa kuwa navyo pamoja? Sentensi haisemi. *Wala* husema. Na si neno dogo kwa mafundi pia: tarakilishi iliyokiongoza chombo cha Apollo mwezini mwaka 1969 ilijengwa mantiki yake yote kwa lango la aina hii moja, yaani kwa *wala* iliyorudiwa maelfu ya mara. Lango jingine lenye uwezo kama huo ni kinyume cha NA. Likiandikwa kwa Kiswahili ni SI-NA, na msomaji ataona mara moja kwamba limekuwa neno *sina*. H. M. Sheffer alithibitisha mwaka 1913 kwamba kwa alama moja ya namna hii mantiki yote ya Boole yaweza kujengwa. Kwa SI-NA nne, kwa mfano, hupatikana AMA. Maskini asemaye *sina* hajui ameshika nini.

Methali sasa. *Kidole kimoja hakivunji chawa* haina utata: ni NA, na safu tatu kati ya nne humwacha chawa hai. *Fahali wawili hawakai zizi moja* hudhaniwa na wengi kuwa ni habari ya kuchagua mmoja. Jedwali linaonyesha vingine. Methali inakataza safu moja tu, ile ya fahali huyu na huyu pamoja. Haisemi lazima awepo mmoja. Zizi tupu linaitii methali hii kikamilifu. Kwa hiyo ni SI-NA. *Njia mbili zilimshinda fisi* yafanana nayo kwa sura, na walimu huziweka katika fungu moja. Lakini fisi ana njaa. Akizifuata njia zote mbili anapasuka, kama hadithi isimuliavyo, na asipofuata hata moja analala bila kula. Safu ya chini-chini, iliyokuwa halali kwa zizi, kwa fisi ni mauti. Methali ya fisi ni AMA. Wanafunzi wakiulizwa wapambanue maana ya methali hizi mbili hutoa maneno mengi juu ya uongozi na tamaa, na tofauti iliyo kubwa kabisa, ile ya safu ya kwanza ya jedwali, haitajwi.

Jambo zito limo katika lile kundi kubwa la methali zenye umbo la *asiye- … hu-*. *Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.* *Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.* Kwa jedwali, kila mojawapo ya methali hizi hukataza safu moja peke yake. Ya kwanza yakataza awepo mtu asiyefunzwa na mama wala na ulimwengu. Ya pili yakataza awepo mtu asiyesikia na ambaye hakuvunjika. Hizi ni AU: kusikia au kuvunjika, mama au ulimwengu. Na kwa kuwa ni AU, safu ya juu-juu iko wazi. Yupo aliyefunzwa na mamaye vizuri na ulimwengu ukamfunza tena. Yupo aliyesikia la mkuu, akalitenda neno kwa neno, na guu likavunjika vile vile.

Lakini sivyo methali hii isikiwavyo. Isemwapo baada ya ajali, masikio ya watu huigeuza AU kuwa AMA: ama ulisikia, ama umevunjika, umevunjika, basi hukusikia. Katika shamba la chai, ambamo mteremko ni mkali, njia zina utelezi asubuhi, na mkuu ni mnyapara mwenye daftari, mgeuzo huo mdogo wa mantiki una gharama. Kibarua aliyeanguka na kikapu mgongoni huulizwa alikuwa akienda wapi kabla hajaulizwa ameumia wapi. Methali haikumhukumu; iliyomhukumu ni safu ya nne iliyofutwa na msikilizaji. Mhakiki asiyeona kufutwa huko, akaishia kuandika kwamba methali hii *inafunza utii*, amesaidia kufuta.

Yaweza kupingwa kwamba kuzipima methali kwa jedwali ni kuzionea, kwa sababu *hu-* ya mazoea si kanuni isiyo na pengo. *Asiyesikia huvunjika* maana yake ni kwamba aghalabu huvunjika. Pingamizi hili ni la haki, na lazima likubaliwe. Hata hivyo linazidi kumwokoa kibarua wala halimzamishi. Ikiwa hata wasiosikia huweza kupona, basi guu lililovunjika linathibitisha kidogo zaidi juu ya masikio ya mwenyewe. Kipimo chenye ulegevu hakimpi mpimaji haki ya kukata kwa ukali.

Kutoka hapo si mbali kufika kwenye mjadala ambao umeisumbua nchi ya chai kwa muda mrefu. Mwaka 2010 wafanyakazi wa mashamba makubwa waligoma kwa sababu ya mashine za kuchumia chai, na Mei 2023 mashine kadhaa zilichomwa moto na waandamanaji huko Kericho. Katika hotuba za pande zote mbili swali huwekwa kwa umbo moja: mashine au mikono. Umbo hilo ni la chai au kahawa. Linasikika kama AMA hata pale msemaji anapodhani ametumia AU, na mara likisikika hivyo safu ya juu-juu huondoka mezani kabla ya mtu yeyote kuijadili: mashine mahali fulani na mikono mahali fulani, kwa masharti yaliyoandikwa. Huenda safu hiyo haifai. Lakini haikukataliwa kwa hoja. Imekataliwa na kiunganishi.

Na pana kichekesho kingine. Husemwa kwamba mashine imekuja na akili kuliko mchumaji. Mashine ya kawaida ya kukatia chai hupitisha kisu chake juu ya meza ya mchai kwa kimo kilichowekwa, na hukata chochote kilichozidi kimo hicho, laini kwa gumu. Ina ingizo moja tu, nalo ni kimo. Haina *na*. Mkono wa mchumaji, kila unapofika kwenye tawi, huuliza mambo mawili kwa pamoja, kama majani ni mawili na kama chipukizi lipo, hujibu kwa kuchuma au kuacha, kisha huenda kwenye tawi linalofuata. Na hufanya hivyo tangu umande haujakauka mpaka mizani ifungwe.